Nyumba ya Kuta Tatu

Nyumba zote alizojenga Ephantus Kiama kwa miaka kumi na tisa zilisimama siku mbili, tatu, zikizidi sana wiki, kisha zikabomolewa. Wewe umeziona, usijifanye hujaziona. Ile jikoni ya vigae vyeupe ambamo mama mmoja anapika chapati huku akicheka peke yake, na sakafuni hakuna unga hata chembe. Ile sebule ya kochi la kijivu ambamo watoto wanamwaga sharubati na hakuna anayechapwa. Ile benki isiyo na foleni. Zote zilizaliwa katika godauni moja la mabati kule Gatongora, Ruiru, nyuma ya duka la saruji, na hakuna hata moja iliyokuwa na mgongo. Ukizunguka nyuma unakuta mbao za saiprasi, plaiwudi tupu iliyochorwa vipimo kwa penseli, na magunia ya mchanga yaliyokalia miguu ya kuta ili zisianguke. Watu huona nyumba hizo kwenye televisheni wakatamani kuhamia. Ephantus mwenyewe anakaa Landless, Thika, vyumba viwili, na mlango wake wa choo umekwama tangu mwaka jana.

Zamani alikuwa fundi wa vitanda kando ya barabara hapo Landless. Alikuwa hodari, ila mpole mno kwa wateja, na fundi mpole hafiki mbali katika biashara ya vitanda. Siku moja wakaja watu wa matangazo wakitafuta kitanda kipya kinachofanana na kitanda kizee. Mafundi wengine waliwacheka. Ephantus alichukua kitanda kipya, akakipiga kwa mnyororo, akakipaka majani ya chai yaliyochemshwa, akasugua kona kwa mafuta na jivu, na jioni yake ungeapa kuwa watu wanne walizaliwa juu yake. Wiki iliyofuata alikuwa Ruiru, kwenye godauni, na hajarudi kando ya barabara tena.

Kazi hiyo ina swali lake la kwanza, na si swali la msingi wala la paa. Ni hili: kamera itakaa wapi? Upande wa kamera haujengwi. Kuta zinakuwa tatu, na mahali pa ukuta wa nne panabaki wazi, panapowekwa taa, nyaya, viti vya wakubwa na thermosi za chai. Ephantus alizoea hivyo hata akiingia nyumbani kwa mtu, moyo wake ulikuwa unautafuta kwanza ule ukuta wa kutoa.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alikuja dairekta anayeitwa Safaa, binti wa miaka thelathini hivi, mwenye buibui jeusi na raba nyeupe, mtu wa maneno machache na macho mengi. Lilikuwa tangazo la majani ya chai. Mama mzee amelala kwake mashambani, mtoto wake wa mjini anaingia baada ya muda mrefu, mama anaamka, chai inamiminwa. Basi. Ephantus alimwomba mchoro.

"Sina mchoro, mzee," Safaa akasema. "Michoro yote nimeletewa inakaa kalenda. Wewe umetoka shamba, si ndio? Nijengee nyumba moja unaijua. Chumba kimoja tu. Nitajua nikiiona."

Ephantus alikuwa anaijua nyumba moja tu kiasi hicho. Ilikuwa Ngoliba, chini kule kwenye joto na vumbi, nyumba ya mama yake: kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la mabati, dirisha moja la mbao. Haikuwepo tena. Mama alipokufa, miaka minne iliyopita, mchwa walikuwa wamemaliza nguzo, na Ngendo, dada yake Ephantus anayekaa pale nyumbani, aliibomoa akajenga ya mawe. Kwa hiyo nyumba hiyo ilikuwa imebaki vichwani mwa watu wawili. Angekataa. Angesema anajua nyumba nyingine, angetunga moja, kutunga ndiyo kazi yake. Alisema sawa, dairekta, nipe siku sita.

Siku ya kwanza aliona ajabu kuwa hahitaji tepu. Alikata mbao kwa macho, na kila alipopima baadaye alikuta ni sawasawa. Dirisha lilikaa mahali pake kama linarudi. Siku ya pili alipigilia msumari ukutani, upande wa kulia, usawa wa bega, kisha akasimama anautazama, maana hakuna aliyemwambia aupigilie na hakukumbuka kuamua. Ndipo alipokumbuka kwamba hapo ndipo mama alipotundika kitambaa chake cha kichwa. Hakuwa amekiwaza kitambaa hicho tangu mazishi. Alihisi baridi mgongoni, na Februari Ruiru chini ya mabati si mahali pa kuhisi baridi.

Mpakaji wake wa rangi alikuwa Ciku, mama wa watoto watatu kutoka hapo hapo Gatongora, mcheshi, mdomo haufungi. Siku ya tatu aliweka brashi chini.

"Mzee Ephantus, mbona kila ukiingia unainama? Hapo hakuna mlango. Hapo ni hewa."

Ilikuwa kweli. Upande ule wa wazi, upande wa kamera, ndio uliokuwa upande wa mlango kule Ngoliba, mlango mfupi uliompiga kila mtu paji la uso mara ya kwanza. Hakuujenga, kwa sababu hajawahi kujenga upande wa kamera. Lakini kichwa chake kilikuwa kinauona.

"Mazoea," akajibu.

"Mazoea yako, sawa. Sasa mimi? Tangu jana na mimi nainama, na hiyo nyumba siijui. Niambie ukweli, ni ya nani?"

"Ya shosho wa tangazo, yule mama mzee."

"Haiya! Basi huyo shosho ashaingia," Ciku akasema, na akacheka, lakini kuanzia hapo hakuingia kupaka mpaka mtu mwingine awe ndani.

Siku ya nne, saa saba mchana, wote wakiwa wameenda kula githeri kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara, Ephantus alibaki nyuma ya ukuta wa mwisho akikaza skrubu. Akasikia kitanda kikilia. Akasikia mtu akijigeuza, halafu pumzi ndefu, ile ya mama yake alipokuwa anataka kuomba kitu na anaona haya kusumbua. Kitanda kile alikitengeneza yeye, mbao mpya, kimekazwa hata punda asingekitikisa, na godoro halikuwa limeletwa. Alisimama na bisibisi mkononi. Hakuzunguka kwenda kutazama. Tusidanganyane, hata wewe usingeenda.

Sasa lazima niseme kile ambacho Ephantus hakuwahi kumwambia mtu, hata Maggie mke wake, maana bila hicho utadhani ni majonzi ya kawaida ya mtoto kwa mama yake, na majonzi ya kawaida hayamfanyi mtu mzima kuogopa kitanda.

Siku mama yake alipozidiwa, alikuwa kwenye godauni hilo hilo. Walikuwa wanamalizia sebule ya tajiri, tangazo la rangi, kamera zinaingia kesho yake asubuhi. Saa saba Ngendo alipiga simu. Mama anakuuliza, akasema, anauliza tu wewe, uko wapi? Na Ephantus, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni na misumari mdomoni, akatema misumari akasema lile neno ambalo sisi sote tumelisema tukiwa bado tunatafuta soksi. "Mwambie niko njiani. Nimefika Thika. Naona hata stage ya Ngoliba." Hakukusudia ubaya. Alihesabu saa moja ya kumaliza, kisha atakimbia, na ile saa moja ataitafutia maelezo. Saa moja ikawa tatu. Ukuta mmoja ulikataa kukaa sawa. Saa kumi Ngendo alipiga tena, na hakumuuliza yuko wapi.

Hakwenda jioni ile. Alikwenda asubuhi, na njiani alilitunga lori. Lori lilianguka Makongeni, likafunga barabara. Kwenye matanga watu wakauliza, lori gani? Akasema la mananasi. Lilikuwa kubwa? Kubwa, la bluu. Kadiri miaka ilivyopita lile lori lilipata dereva aliyevunjika mguu, na akina mama waliokota mananasi kwa leso. Alilijenga kama anavyojua kujenga, upande ule unaoonekana tu, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Ngendo alikuwa akilisikiliza lori hilo kila Krismasi, kimya, akimwongezea chai. Ephantus alimpenda dada yake na alimwogopa, kwa sababu ni yeye peke yake aliyebaki wa kumwambia ukweli, na akimwambia atakuwa amempoteza na yeye.

Siku ya sita ndiyo siku ya kupiga picha. Safaa alikuja mapema, akasimama mahali pa mlango usiokuwepo, akainama kidogo bila kujua, akaingia. Aligusa ukuta. Akanusa. "Hii ndiyo," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani au msikitini. Alikuwa ametaka vyombo vya kweli, si vya kukodi, kwa hiyo Ephantus alikuwa amemwomba Ngendo alete vya mama: birika, blanketi la kijivu, kigoda, kikombe cha bati chenye ua.

Kavata naye alifika, bibi wa Landless ambaye ameshakuwa shosho wa unga, shosho wa sabuni na shosho wa simu, na nje ya kamera ni mwenyekiti mkali wa chama cha akiba. Alivua viatu, akalala kitandani kufanya jaribio. Safaa alitazama kwenye kioo chake cha kamera, akakunja uso.

"Mzee, kuna shida. Simuoni. Ameangalia ukuta, mimi naona mgongo tu."

Ephantus alijua. Kitanda cha mama kilikaa hivyo, kichwa kuelekea dirishani, uso kwenye ukuta wa nyuma, mgongo kwa mlango. Hivyo ndivyo alivyokiona tangu utotoni.

"Ndivyo kilikuwa," akasema.

"Hapana, sivyo kilikuwa," ikasema sauti nyuma yake.

Ni Ngendo. Alikuwa ameteremka kwenye pikapu na kikapu cha vyombo, vumbi la Ngoliba bado kwenye kitambaa cha kichwa. Alisimama kwenye ukingo wa seti akiitazama ile nyumba aliyoibomoa kwa mikono yake. Hakulia. Aliweka kikapu chini polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Uui, muru wa maitu," akasema, yaani mwana wa mama yangu. "Umeijenga yote."

"Nimejaribu."

"Lakini hicho kitanda kimekaa vibaya. Kilikuwa hivyo zamani. Siku ya mwisho tulikigeuza." Alinyoosha mkono kuelekea kwenye taa na nyaya. "Tulikiweka kiangalie mlango. Uliposema kwa simu umefika Thika, akasema nigeuzieni kitanda, niangalie mlango. Nikamwita Muthoka wa jirani, tukakibeba na yeye akiwa juu, alikuwa mwepesi hivyo. Akakaa anaangalia. Kutoka saa saba mpaka saa kumi. Hata maji akipewa alikuwa anakunywa akiangalia."

Ciku alishika mdomo. Ephantus alijishikilia kwenye ukuta, na ukuta ukayumba, maana ni plaiwudi. Saa tatu. Miaka minne alikuwa akijiambia kwamba mgonjwa hajui saa, kwamba uongo ule ulimpa mama amani, akafa akijua mtoto yuko karibu. Kumbe ulimpa kazi ya kungoja. Kitanda kiligeuzwa kwa sababu ya neno lake.

"Basi tukigeuze," Safaa akasema kwa upole. Hakuwa anajua chochote. "Hata kwa kamera ni vizuri zaidi."

Wanne walishika, Ephantus mmojawapo. Wakakigeuza, na Kavata akalala tena chini ya blanketi la kijivu, kichwa juu ya mkono, uso kuelekea upande wa wazi. Ngendo aligeuza macho pembeni.

Ikabaki jambo moja. Kwenye kazi hii mwigizaji hawezi kuangalia hewa, macho yake yatapotea. Lazima mtu asimame kando ya kamera, awe ndiye anayeingia, aseme yale maneno yake ili mwenzake apate wa kumtazama na wa kumjibu. Kijana aliyeigiza yule mtoto wa mjini alikuwa apigwe picha kesho. Safaa alitazama huku na huku, akachora alama kwa chaki sakafuni.

"Mzee Ephantus, simama hapa. Una sauti nzuri. Unasema tu, 'Nimefika, mama.' Yeye atajibu. Usijali, wewe huonekani."

Ephantus alisema ana kazi ya kukaza ukuta. Safaa akasema ukuta uko sawa. Alisema afadhali Ciku. Safaa akasema anataka mwanaume. Ngendo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, mikono imekunjwa, akimtazama yeye, si kitanda. Akaenda kwenye alama.

Taa ziliwaka. Godauni likanyamaza mpaka mabati yakasikika yakipasuka kwa jua. Na pale kitandani, sijui ni taa, sijui ni lile blanketi, hakuwa Kavata wa Landless tena. Alikuwa mama yake, na alikuwa anatazama mlango, na mlangoni alikuwa yeye. Macho yalikuwa yamechoka lakini hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Safaa akainua mkono, akaushusha.

Ephantus alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja, dogo, alishalisema kwa simu bila jasho. Halikutoka.

"Sikuwa Thika," akasema. "Sikuwa Thika, maitu. Nilikuwa hapa Ruiru. Hata sikuwa nimetoka."

"Kata!" mtu akapiga kelele. "Hiyo ni line gani sasa?" Safaa alimnyamazisha kwa kidole. Kavata alikuwa ameketi, mkono kifuani. Ephantus hakugeuka. Alingoja hatua za dada yake zikienda, zikitoka nje, zikipanda pikapu.

Zilikuja. Ngendo alisimama kando yake, bega kwa bega, wote wawili wakitazama kitandani.

"Nilikuwa nangoja uniambie," akasema kwa sauti ya chini. "Krismasi nne. Na hiyo lori yako."

"Ulijua?"

"Tulikuwa tumeweka simu kwa loudspeaker, kifuani kwake. Nyundo zilijaa nyumba yote, Ephantus. Mtu ako stage ya Ngoliba anapigiwa nyundo ya nani?"

Ephantus alitaka kuuliza kama mama naye alijua, na dada yake akajibu kabla.

"Yeye ndiye alisikia wa kwanza. Akasema, huyo bado ako kazini. Halafu akasema, nigeuzieni kitanda hata hivyo." Ngendo alijipangusa uso kwa upande wa kitambaa. "Mimi ndiye nilikasirika. Yeye hapana. Sasa wachana na mimi, fanya kazi ya watu."

Akarudi nyuma, akaketi kwenye gunia la mchanga. Hakusema amemsamehe. Akina mama wa Ngoliba hawatumii neno hilo ovyo, na Ephantus hakuliomba.

"Mzee, utaweza?" Safaa akauliza. Akaitikia kwa kichwa. Kavata akalala tena, akavuta blanketi, na yale macho yakarudi mlangoni.

"Nimefika, mama," Ephantus akasema.

"Ingia," akasema yule aliyelala, kama ilivyoandikwa. "Ingia, chai haijapoa."

Safaa alitaka irudiwe mpaka mara saba, kwa ajili ya mwanga. Mara zote saba Ephantus aliambiwa aingie, kwa sauti ya mama aliyekuwa hana haraka tena, na mara zote saba alibaki pale pale kwenye alama ya chaki, vidole vya miguu vikijikaza ndani ya viatu, kwa sababu angepiga hatua moja mbele angeonekana kwenye picha.